Shimo la kidole gumba

Jumanne ni siku ya kupima watoto. Akina mama huanza kufika saa moja asubuhi, na wengine wametoka kwao gizani, mtoto mgongoni, kitenge kimevutwa hadi utosini kwa ajili ya baridi ya milimani. Mimi ni mwuguzi kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Kabare, Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo. Huku kwetu, uwe daktari, uwe mwuguzi, wote tunaitwa munganga.

Mizani inasubiri. Kwanza namshika mtoto miguu, yote miwili, nabonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, chini kidogo ya kifundo, nahesabu moja, mbili, tatu, naachia. Nyama ya mtoto mzima hurudi mara moja. Ya mtoto mwenye bwaki hairudi. Shimo linabaki pale, umbo la kidole changu kabisa, kama umebonyeza bugali ulioanza kupoa. Mama analitazama lile shimo, kisha ananitazama mimi. Mara nyingi alikuwa amekuja kwa sababu ya kikohozi au kuhara. Uvimbe alidhani ni unene. "Munganga, si alikuwa ameanza kunona?"

Wiki iliyopita niliwapata watatu siku moja. Wawili nywele zimegeuka rangi ya kutu, laini kama za ndevu za hindi. Wa tatu ngozi ya mapaja ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, na alikuwa hacheki wala halii. Huyo asiyelia ndiye anayeniogopesha.

Bwaki ni jina letu la Kivu. Vitabu tulivyosomea vinasema kwashiorkor, na kwa muda mrefu nilidhani ni neno la Kizungu. Kumbe ni la Waga wa Ghana. Daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alipelekwa kufanya kazi huko wakati nchi bado ikiitwa Gold Coast. Aliwaona watoto waliovimba, ngozi zikibanduka, akawauliza akina mama wenyewe ugonjwa huu wanauitaje. Mwaka 1935 akaliandika jina lao katika jarida la Lancet. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Madaktari wenzake walimbishia, wakasema ni pelagra tu, ugonjwa wa walaji wa mahindi. Lakini wale akina mama walikuwa wameshaona kitu chote: mtoto anaachishwa ziwa kwa sababu mwingine anakuja, anahamishiwa kwenye sahani ya wakubwa, na kwenye sahani ya wakubwa hakuna kitu.

Ninachotaka kusimulia ni jinsi sahani ile inavyofika kuwa tupu. Nyumbani kwetu ilianzia kwenye mgomba.

Nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba. Ukisimama barabarani ulikuwa huoni bati, unaona majani tu. Si kwamba tulikula ndizi asubuhi na jioni. Ndizi zilikuwa fedha ya mama. Alizivunda kwenye shimo lililotandikwa majani, siku nne hivi, mpaka ziwe za manjano na harufu ifike njiani. Kisha zilimenywa na kukandwa kwa majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti, mpaka mutobe uanze kutoka, mtamu, unaonata vidoleni. Huo tulikunywa sisi watoto. Uliobaki aliutia maji na unga wa mtama uliokaangwa, akaufunika, na baada ya siku mbili tulikuwa na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Siku ya soko madumu yaliteremka, na jioni mama alirudi na maharage, mafuta ya mawese, chumvi, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye jani. Nitarudi kwenye hao sambaza. Daftari zangu za shule zilitoka kwenye kasiksi. Ada yangu ya uuguzi pia, ya mwaka wa kwanza.

Mwaka 2013, mvua za Septemba zilipoanza, mama aliona mikungu inaiva ovyo: ndizi tatu za manjano katikati ya mbichi. Alizikata zile za manjano ili tule. Ndani zilikuwa na madoa ya kahawia kama kutu, ngumu, hazina utamu. Baadaye lile ua la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu likaanza kusinyaa, majani yakageuka njano na kuvunjika shingo. Siku moja alikata shina la mgomba mmoja tukasimama pale kutazama. Hazikupita dakika nyingi, pale alipokata pakaanza kutoka ute wa manjano, matone madogo madogo, hasa kama usaha. Mama alisema neno moja tu: "Ameoza damu."

Ni ugonjwa wa bakteria, jamii ya Xanthomonas. Uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1968 nchini Ethiopia, na haukukutwa kwenye ndizi, ulikutwa kwenye enseti, mmea unaofanana na mgomba ambao watu wa kule hula shina na kiazi chake. Mwaka 2001 ulitokea Uganda, na mwaka huohuo Masisi, upande wa Kivu ya Kaskazini. Kutoka Masisi ulishuka pole pole, mlima kwa mlima. Unabebwa na nyuki na wadudu wengine wanaofuata lile ua. Unabebwa na vipandikizi ambavyo jirani anampa jirani kwa upendo. Na unabebwa na panga. Hilo la panga ndilo linaloniuma hadi leo, maana panga letu lilikuwa kali na kila mtu aliliazima. Lilizunguka kilima kizima.

Watu wa mradi mmoja walikuja na fulana na makaratasi yenye picha. Walisema: ng'oeni shina lote na machipukizi yake yote, hata yaliyo mazima, zikeni, msipande ndizi tena kwa miezi. Mimi nilikuwa shuleni mjini. Mama na kaka yangu walichimba. Anayejua kitako cha mgomba wa miaka ishirini anajua ninachosema. Unachimba kuzunguka, unakata mizizi, unasukuma, hakitikisiki. Walichimba majuma matatu. Niliporudi likizo niliona bati la nyumba yetu nikiwa bado barabarani, na sikujua kama nimefika kwetu.

Baadaye utafiti, mwingine uliofanywa hukuhuku Kivu, ulionyesha kwamba bakteria haifiki kwenye machipukizi yote. Ukikata shina linaloumwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, mara tu dalili zinapoonekana, ukarudia kila unapoona jingine, shamba linapona. Siwalaumu wale waliokuja na ushauri wa kwanza kwa kuwa hawakujua. Nawalaumu kwa kutorudi. Hakuna aliyepanda tena kile kilima kumwambia mama kwamba sasa kuna njia nyepesi. Nilimwambia mimi, miaka mitatu imepita, nikiwa nimelisoma kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mahali pa watu wengine.

Basi mama akapanda muhogo. Kila mtu alipanda muhogo. Muhogo hauna shida nyingi, unakubali udongo uliochoka, unakaa ardhini unakusubiri. Lakini muhogo wetu nao ulitoka majani madogo, yamejikunja, madoa ya njano na kijani kama kitambaa kibovu. Hiyo ni batobato, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na inzi weupe. Ni wa zamani: Wajerumani waliuandika huko Tanganyika mwaka 1894. Kiazi kinakuwa chembamba kama kidole, na kuna jambo ambalo watu husahau, kwamba jani pia linapungua. Jani la muhogo ni sombe. Kwa maskini wa huku sombe ndiyo nyama. Mti ukiugua hivyo unakunyima bugali na kitoweo kwa pamoja.

Kasiksi hakuna, kwa hiyo fedha hakuna, kwa hiyo maharage yakawa ya mara mbili kwa juma, kisha ya Jumapili. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka miwili na nusu, na mdogo wake alikuwa amezaliwa mwezi uliotangulia. Nilikuja likizo ya Pasaka mwaka 2014. Alikuwa amekaa mlangoni, mashavu yamejaa, na kila mtu alisema anapendeza. Nikamwinua, nikaona uzito wake haulingani na sura. Nikamkalisha pajani, nikaweka kidole gumba juu ya mguu wake. Moja, mbili, tatu.

Shemeji yangu, mama yake, alipoona lile shimo alianza kulia kabla sijasema. Shangazi mmoja akasema kuna jicho la mtu. Hilo nalisikia kila Jumanne mpaka leo, na sichoki kujibu, kwa sababu mama akishaamini amerogewa mtoto anaenda kutafuta adui kijijini, na siku zinakwisha.

Tulimbeba hospitalini. Hapo ndipo nilipojifunza kwa macho kile nilichokuwa nimekariri: kwamba mtoto wa bwaki halishwi kwa pupa. Siku za kwanza anapewa maziwa mepesi, F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana, maana moyo na maini yake hayawezi kubeba chakula kingi kwa ghafla. Familia inalia, "Mtoto ana njaa, mnampa vijiko?" Uvimbe ukishuka anakuwa mwembamba wa kutisha, na hapo ndipo wengine humtoroshea nyumbani, wakidhani tunamwua, kumbe ndiyo dalili ya kupona. Yule wetu siku ya sita alitaka kiatu cha jirani yake wa kitanda, akalia kwa hasira. Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Baadaye aliingia shule ya msingi, akawa anakimbia kuliko wote.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata juu ya njaa na magonjwa ya mimea, usiku, simu ikiwa na chaji. Nilianza na Ireland. Mwaka 1845 viazi vya watu wa kule, vile sisi tunavyoviita viazi ulaya, vilianza kuoza shambani na ghalani, vinageuka uji mweusi wenye harufu. Maskini wa Ireland walikuwa wakila karibu viazi tu, na aina moja ilikuwa imetawala, iliyoitwa Lumper, inayozaa sana kwenye udongo mbaya. Kiazi hupandwa kwa kiazi, kwa hiyo wote walikuwa ndugu wa damu moja, na kilichomwua mmoja kiliwaua wote. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda ng'ambo. Wakati huohuo nafaka na ng'ombe viliendelea kusafirishwa kutoka Ireland kwenda kuuzwa Uingereza. Chakula kilikuwapo. Maskini hakuwa na fedha ya kukinunua, kama mama yangu alivyosimama sokoni mbele ya maharage. Na mgomba, kama kiazi, huzaliwa kwa chipukizi. Migomba yote ya kilima chetu ilikuwa mgomba mmoja.

Kijidudu kile cha Ireland kinaitwa Phytophthora infestans. Ndugu yake, Phytophthora cinnamomi, hushambulia mti wa kinini, ule tunaopanda hapa Kivu ili gome lake litupe dawa ya malaria. Mti unaotutibu nao unahitaji tabibu.

Kuna siku nilikaa jikoni kwa mama nikahesabu vilivyo ndani ya vyungu vyake. Muhogo ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Mahindi, maharage, viazi vitamu, vyote ni vya Amerika. Ndizi ilitoka Asia, zamani sana. Mtama na mawese tu ndio wenyeji wa Afrika. Hata sambaza, ambao mjini Bukavu utaapa wamekuwapo tangu Mungu aumbe ziwa, walichukuliwa kutoka ziwa Tanganyika wakatiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mimea ile ilipovuka bahari iliwaacha maadui zake nyuma. Ndiyo maana ilistawi hivi mikononi mwa bibi zetu. Lakini adui humtafuta mwenzake. Ugonjwa wa kiazi ulikikuta kiazi huko Ulaya baada ya karne kadhaa. Viwavijeshi vamizi vya mahindi, asili yake Amerika, vilionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata tulikuwa tunavitoa kwa vidole kwenye mahindi yetu. Na pale ambapo adui wa kale hakufika, mwenyeji alijitokeza: bakteria ya enseti ikaruka kwenye ndizi, virusi vya Afrika vikaruka kwenye muhogo mgeni.

Kidungata cha muhogo ndicho kisa ninachowasimulia akina mama wanaponiuliza kama kuna matumaini, kwa sababu kilianzia nchini kwetu. Mwaka 1973 karibu na Kinshasa na ng'ambo ya mto, Brazzaville, watu waliona ncha za muhogo zimejikunja, zimejaa wadudu weupe kama waliopakwa unga. Miaka michache tu, wadudu hao walikuwa wamevuka nchi baada ya nchi. Mswisi mmoja, Hans Rudolf Herren, na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo, IITA, huko Nigeria, waliuliza swali la mkulima: kwao alikotoka, nani humla? Wakatafuta Amerika Kusini, na mwaka 1981 kidungata kilipatikana Paraguay, na pamoja nacho nyigu mdogo kama chembe ya ulezi, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidungata. Nyigu wakalelewa, wakaachiliwa Afrika, hata kwa ndege. Muhogo ukapona bila mkulima kununua dawa hata tone. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mama alipokisikia kisa hiki aliuliza kama wa mgomba naye hana nyigu. Nilimwambia hana. Wa mgomba ana panga tu.

Koko yangu, mama wa mama, yeye aliogopa zaidi kifo cha ng'ombe, maana Bushi, nchi yetu sisi Washi, bila ng'ombe hakuna mahari, hakuna mtu anayeitwa mkwe. Nilimsomea habari za sotoka. Iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, na kabla karne haijaisha ilikuwa imefika Afrika Kusini, ikiua sehemu kubwa ya ng'ombe kila ilipopita. Ethiopia ng'ombe wa kulima walikwisha, mashamba yakalala, na inakadiriwa theluthi ya watu walikufa kwa njaa. Penye malisho yaliyokosa walaji vichaka vilirudi, na vichakani mbung'o, na kwa mbung'o malale. Miaka ya mwanzo ya 1900, malale iliua zaidi ya watu 200,000 kando ya ziwa Viktoria upande wa Uganda. Koko alisikiliza, mikono kifuani, akasema, "Kwa hiyo aliyekufa kwa kulala usingizi, aliuawa na ng'ombe aliyekufa kabla hajazaliwa?" Nikamwambia ndivyo. Sotoka ilitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011. Akataka nirudie hilo, kwamba imekwisha kabisa, kwamba haipo.

Kwenye fomu yangu ya Jumanne kuna nafasi ya umri, uzito, mzingo wa mkono, uvimbe ndiyo au hapana. Hakuna nafasi ya kuuliza migomba ya nyumbani ikoje. Mimi nauliza hivyo hivyo, naandika pembeni kwa kalamu. Mama wa yule mtoto asiyelia alinijibu bila kufikiri: "Ilikauka yote mwaka jana, munganga. Tulinunua miche kwa jirani, nayo ikakauka." Nikamwuliza kama ana panga lake mwenyewe au la kuazima. Alishangaa. Tulikaa robo saa nzima tukizungumza habari za panga, foleni ikinung'unika nje, mtoto wake akinyonya maziwa kijiko kwa kijiko.

Jumapili nilipanda kwetu. Bati bado linaonekana kutoka barabarani, ila siyo lote. Mama ana mashina kama arobaini sasa, mengi kamaramasenge, zile ndizi fupi tamu. Nilimkuta na mti wake mrefu wenye panda. Mkungu ukishatoa chana la mwisho, anaupandisha ule mti, anashika lile ua la zambarau katikati ya panda, anazungusha, linakatika lenyewe. Hatumii chuma, maana chuma hubeba. Nyuki wakija hawakuti ua. Maua yaliyokatika alikuwa ameyakusanya kwenye kikapu ayazike.

Jirani aliingia uani, akasalimia, akaomba panga mara moja tu, kuna shina moja limeanza njano.

"Karibu, mama Riziki. Keti kwanza, nilipitishe motoni."

Akalichomeka kwenye makaa chini ya chungu cha maharage. Mama Riziki akakaa juu ya jiwe akasubiri.